Paji la uso la mtoto si duka la bepari

Wako watu, na baadhi yao ni wasomi wenye vyeo, wanaosimulia historia ya nywele za watoto wa kiume nchini Marekani kana kwamba ni historia ya uhuru. Husema kwamba hapo kale mtoto alinyolewa kama baba alivyotaka. Kisha wakaja vijana wenye magitaa, nywele zikaachwa ziangukie paji la uso mpaka kwenye nyusi, na tangu siku ile kila mtoto wa nchi ile akawa bwana wa kichwa chake. Hadithi hiyo ni tamu. Kasoro yake ni moja tu, nayo ni kwamba si ya kweli.

Mtu akiichunguza historia hiyo kwa makini ataona kwamba nywele za paji la uso ni mara chache sana zilipokuwa mali ya mtoto mwenyewe. Zilipoleta faida, ziliitwa urembo. Zilipoleta ubishi, ziliitwa utovu wa nidhamu. Na zilipoota kichwani mwa mtoto wa mnyonge, ziliitwa ushenzi. Jambo hili linawahusu walimu na watumishi wa umma kuliko watu wengine, maana wao ndio waandikao kanuni, na mara nyingi wao ndio washikao mkasi.

HATI YA TABAKA

Wamarekani huziita nywele hizo bangs, neno ambalo asili yake huhusishwa na mkia wa farasi uliokatwa kwa mkato mmoja ulionyooka. Katika karne ya 19 familia zenye mali zilikuwa na desturi ya kumvika mtoto mdogo wa kiume gauni na kumwachia nywele ndefu mpaka afikie umri wa kuvaa suruali. Franklin Roosevelt, ambaye baadaye alikuwa Rais wa nchi hiyo, alipigwa picha mwaka 1884 akiwa na umri wa miaka miwili na kitu, amevaa gauni, nywele zimemshuka hadi mabegani. Hakuna aliyeona ajabu. Nywele za namna ile zilihitaji yaya wa kuzichana kila asubuhi, na mtoto wa mchimba makaa hakuwa na yaya. Kwa hiyo nywele zilikuwa hati: aliyeziona alijua mara moja mtoto yule ni wa nyumba gani.

Mwaka 1886 mwandishi Frances Hodgson Burnett alitoa kitabu kiitwacho Little Lord Fauntleroy, kinachosimulia habari za mtoto wa Kimarekani anayegundulika kuwa mrithi wa ukabaila wa Kiingereza. Picha za kitabu hicho zilimwonyesha mtoto mwenye suti ya mahameli, ukosi wa lesi na nywele nyingi za mawimbi. Taifa lililojigamba kuwa liliwafukuza makabaila mwaka 1776 likashikwa na homa ya kuwageuza watoto wake kuwa makabaila wadogo. Kina mama wakanunua mahameli, wakakunja nywele za watoto wao kwa vitambaa usiku. Watoto hawakuulizwa. Vivian, mwana wa mwandishi huyo, ambaye ndiye aliyekuwa kielelezo cha mhusika yule, alifuatwa na jina hilo maisha yake yote. Alipofariki mwaka 1937, muda mfupi baada ya kusaidia kuwaokoa watu waliopatwa na ajali ya chombo majini, magazeti bado yalimkumbuka kwa jina la mtoto wa mahameli.

SURA ILIYOUZA SUMU

Baada ya kabaila akaja mfanyabiashara. Mwezi Mei 1902 gazeti la New York Herald lilianza kuchapisha hadithi za picha za mtoto aitwaye Buster Brown, zilizochorwa na Richard Outcault. Buster alikuwa mtoto wa tajiri, mtundu kupita kiasi, mwenye mbwa, na nywele zilizokatwa mstari mmoja juu ya nyusi na kuteremka kuzunguka masikio kama kofia. Wasomaji wakacheka. Bepari hakucheka, alihesabu. Mwaka 1904, katika Maonyesho ya Dunia mjini St. Louis, Outcault aliyauzia makampuni mengi haki ya kuitumia sura ya mtoto huyo, na miongoni mwao ilikuwapo kampuni ya viatu ya Brown. Kampuni hiyo iliwaajiri watu wazima wenye kimo kifupi, ikawavika kama Buster na kuwazungusha mijini pamoja na mbwa, ili watoto wawavute wazazi wao kwenda kununua viatu. Tangu hapo mama aliyemkata mwanawe nywele kwa mtindo ule alimfanya tangazo la biashara litembealo kwa miguu yake lenyewe, wala hakulipwa hata senti moja.

Ingekuwa mambo yaliishia kwenye viatu, huenda watu wangeyasamehe. Lakini mwaka 1907 kampuni ya National Lead, iliyotengeneza rangi ya nyumba kwa madini ya risasi, ilichagua alama yake ya biashara: mtoto wa kiume mwenye kofia, viatu vya mbao, na nywele zilizokatwa sawasawa juu ya paji la uso kwa mtindo uliodhaniwa kuwa wa Kiholanzi. Mtoto aliyekaa mbele ya mchoraji hakuwa hata Mholanzi. Alikuwa jirani yake mwenye asili ya Ireland. Sura ile tulivu, isiyo na hila, ikabandikwa kwenye makopo ya rangi nchi nzima.

Risasi ni sumu. Hudhuru ubongo wa mtoto mdogo, ambaye hulamba vidole, hutafuna ukingo wa dirisha, na kuokota magamba ya rangi sakafuni. Mwaka 1904, yaani miaka mitatu kabla ya alama ile kubuniwa, ilikuwa imekwisha elezwa huko Queensland, Australia, kwamba rangi ya majumbani ndiyo iliyokuwa ikiwatia watoto sumu. Hata hivyo mwaka 1923 National Lead ilitoa kitabu cha watoto cha kupaka rangi, kinachomtumia mtoto yule mwenye nywele za paji kuisifu risasi. Serikali ya Marekani haikupiga marufuku rangi hiyo majumbani mpaka mwaka 1978. Na mwaka 2019, baada ya kesi iliyoburutwa karibu miaka ishirini, kampuni tatu, mojawapo ikiwa NL Industries ambayo ndiyo National Lead ya zamani, zilikubali kulipa dola milioni 305 ili rangi ile iondolewe katika nyumba za California.

Haifai mtu kulipita jambo hili kwa haraka. Mkato ule wa nywele ulichaguliwa kwa sababu humfanya mtoto aonekane mdogo zaidi na mwaminifu zaidi. Sumu ilivikwa uso wa mtoto ili ifunguliwe mlango wa chumba cha mtoto. Anayesema kwamba mtindo wa nywele ni mchezo tu, usio na uhusiano wowote na uchumi, aulizwe ni nani aliyecheza na ni nani aliyeugua.

MWAKA MMOJA, AMRI MBILI

Sasa na irudiwe ile 1902. Miezi michache kabla ya Buster Brown kuanza kuwachekesha wasomaji kwa nywele zake, William Jones, kamishna wa Serikali ya Marekani aliyesimamia mambo ya wenyeji asilia wa nchi hiyo, aliwaandikia mawakala wake barua. Iliagiza kwamba wanaume wa makabila hayo wakate nywele zao ndefu. Atakayekataa anyimwe kazi na posho ya chakula. Akizidi kukaidi afungwe na kufanyishwa kazi ngumu, na nywele zake zikatwe humohumo kifungoni. Ikumbukwe kwamba watu hao walitegemea posho kwa sababu ardhi yao ya kuwinda na kulima ilikuwa imekwisha chukuliwa.

Watoto wao walikuwa wametangulia kuonja mkasi huo. Mwaka 1879 Richard Henry Pratt, ofisa wa jeshi, alifungua shule ya bweni huko Carlisle, Pennsylvania. Mtu huyo ndiye aliyetangaza mwaka 1892 kwamba yafaa kuua uenyeji wote ulio ndani ya mwenyeji ili mtu aokolewe. Wavulana walipofika walinyolewa. Kwa makabila mengi nywele hukatwa kwa msiba. Hivyo mtoto aliyekatwa nywele bila kufiwa alijiuliza ni nani aliyekufa. Luther Standing Bear wa kabila la Lakota, aliyekuwa katika kundi la kwanza la wanafunzi, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1928 jinsi machozi yalivyomlenga siku ile. Shule nayo ilipiga picha za mtoto kabla na baada ya kunyolewa, ikazisambaza kuwa ushahidi wa maendeleo.

Basi hesabu ni hii: katika nchi moja, chini ya bendera moja, katika mwaka mmoja, nywele ndefu za mtoto wa tajiri zilikuwa kichekesho cha kupamba gazeti, na nywele ndefu za mwenyeji zilikuwa kosa la kumnyima mtu chakula. Tofauti haikuwa katika urefu wa nywele. Ilikuwa katika nguvu ya mwenye kichwa. Serikali ya Marekani ilichukua zaidi ya karne moja kulikiri kosa la shule hizo. Rais Joe Biden aliomba radhi rasmi mwezi Oktoba 2024.

KICHWA CHA MTOTO, MFUKO WA WAKUBWA

Mwaka 1921 sinema ya Charlie Chaplin iitwayo The Kid ilimfanya Jackie Coogan, mtoto wa miaka sita hivi, ajulikane ulimwenguni. Nywele zake zilizofunika paji la uso ziliigwa na wavulana wengi, na jina lake likabandikwa kwenye wanasesere, filimbi, karatasi za kuandikia, hata siagi ya karanga. Alipoanza kukua, hata kunyolewa kwake kuligeuzwa bidhaa: mwaka 1927 ilitolewa sinema ambayo jina lake lenyewe lilimwamuru mtoto akanyolewe.

Coogan alipata mamilioni ya dola. Lakini alipotimiza miaka 21, mwaka 1935, aligundua kwamba fedha karibu zote zilikuwa zimetumiwa na wazazi wake, na sheria ya California iliwaruhusu. Alimshtaki mama yake na baba yake wa kambo mwaka 1938, akaambulia dola 126,000 hivi. Ndipo mwaka 1939 California ikatunga sheria ya kulinda mapato ya watoto waigizaji. Miaka kumi na minane ilipita tangu nchi ilipoanza kumwiga mtoto yule nywele hadi ilipokumbuka kwamba ana haki ya jasho lake.

Na katika miaka hiyohiyo ya shida, watoto wa wafanyakazi walikuwa na nywele za paji la uso pia. Mama alichukua bakuli jikoni, akamfunika mwanawe kichwani, akakata zilizojitokeza, kwa kuwa senti za kinyozi zilihitajika kununulia mkate. Mkato huo haukuchorwa kwenye kopo lolote, wala hakuna aliyeununua haki zake.

ASILIMIA KUMI

Wasimulizi wa ile hadithi tamu hupenda kuanzia hapa. Tarehe 9 Februari 1964 watu wapatao milioni 73 nchini Marekani waliwatazama vijana wanne wa Kiingereza, Beatles, katika kipindi cha televisheni cha Ed Sullivan. Nywele zao zilifunika paji la uso. Mtindo haukuwa wao wenyewe. Waliupata kwa marafiki wa Kijerumani waliojuana nao Hamburg, na wawili kati yao walikatwa nywele hizo Paris mwaka 1961. Wavulana wa Marekani, waliokuwa wamelelewa katika mkato mfupi wa kiaskari baada ya vita, wakaacha nywele zao ziote.

Kabla hazijaota, nywele za bandia za mtindo ule zilikuwa tayari madukani. Tena yatazamwe masharti ya biashara yenyewe: katika mkataba wa kwanza wa kuuza bidhaa zenye jina la Beatles, kampuni ya uwakala ilijitwalia asilimia 90 ya malipo, wenye nywele wakabakiziwa asilimia 10. Iwapo wale waliozianzishia umaarufu walipata sehemu moja kwa kumi, kijana wa Ohio aliyenunua wigi kwa fedha ya kugawa magazeti alipata uhuru wa kiasi gani?

Mtoto aliyeufuata mtindo huo bila kununua kitu, kwa kuziacha tu nywele zake mwenyewe ziote, alikutana na mwalimu mkuu mlangoni. Mwezi Septemba 1966 vijana watatu wa Dallas, Texas, waliokuwa wanamuziki, walikataliwa kuandikishwa shuleni kwa sababu ya nywele. Shule ilijitetea kwamba nywele huleta fujo, na ushahidi wa fujo yenyewe ulikuwa kwamba wanafunzi wengine huwachokoza wenye nywele ndefu na hata kutaka kuwanyoa kwa nguvu. Yaani aliyechokozwa ndiye aliyefungiwa mlango. Mahakama ya rufani iliipa shule ushindi mwaka 1968, na Mahakama Kuu ya nchi ikakataa kuisikiliza kesi. Jaji William Douglas peke yake ndiye aliyeandika kupinga.

Haki inataka isemwe kwamba si mahakama zote zilizofumba macho. Mwaka 1969 mahakama ya rufani inayosimamia Wisconsin, na mwaka 1970 ile inayosimamia Massachusetts, zilisema kwamba shule inayotaka kumfukuza mtoto kwa nywele itoe sababu ya maana. Lakini mwaka 1972, katika kesi ya kijana wa El Paso, mahakama inayosimamia Texas ilikata shauri kwamba Katiba haimpi mwanafunzi wa sekondari haki yoyote juu ya urefu wa nywele zake. Mahakama Kuu haikuumaliza ubishi huo. Kwa hiyo haki ya mtoto ilitegemea ni upande gani wa mpaka wa jimbo mama yake alimzalia. Huo ndio uhuru unaohubiriwa duniani.

Na mnyonge je? Vijana wa kabila la Pawnee, huko Oklahoma, waliokuja shuleni na nywele zilizosukwa kama za wazee wao, walifukuzwa. Mwaka 1973 Mahakama Kuu ilikataa kuwasikiliza nao. Wakati huo wavulana weupe wenye nywele zilizofika kwenye nyusi walikuwa wakionyeshwa katika televisheni kila wiki kuwa mfano wa familia njema.

Hata katika karne hii mambo hayajabadilika kwa kadiri inayotangazwa. Mwezi Machi 2011 kishungi cha nywele za Justin Bieber, mwimbaji kutoka Kanada ambaye nywele zake za paji ziliigwa na wavulana wengi, kilinadiwa kwa zaidi ya dola 40,000 kwa ajili ya hisani. Miaka kumi na miwili baadaye, mwaka 2023, mwanafunzi mweusi wa shule moja ya Texas aliondolewa darasani. Kanuni ya shule ilisema nywele za mvulana zisishuke chini ya nyusi, ndewe za masikio wala ukosi. Nywele zake zilikuwa zimesokotwa na kufungwa juu ya kichwa. Hazikugusa nyusi wala ukosi. Alihukumiwa kwa mahali ambapo zingefika lau zingefunguliwa. Jimbo lilikuwa limetunga sheria ya kuzuia ubaguzi wa nywele, iliyoanza kutumika Septemba mwaka huohuo, lakini mwezi Februari 2024 hakimu aliamua kwamba kanuni ya shule haikuivunja. Kijana yule alipoteza sehemu kubwa ya mwaka wa masomo.

SOMO KWA MWALIMU

Tanzania ina sababu ya kuitafakari historia hii. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza kutekelezwa Januari 1969, dhidi ya sketi fupi mno, suruali za kubana, nywele za bandia na dawa za kujichubua. Shabaha yake ilikuwa halali: taifa changa lilikataa kugeuzwa soko la kasumba. Lakini lazima isemwe pia kwamba wako waliofanya shabaha hiyo kisingizio cha kuwavamia wanawake barabarani na kuwadhalilisha. Waliofanya hivyo hawakuupiga vita ubeberu, waliuiga. Mkasi wa Carlisle ni mkasi uleule, awe ameushika ofisa wa Pennsylvania au kijana wa Kariakoo.

Wapo walimu ambao, wakimwona mvulana ameziacha nywele ziangukie usoni kama alivyoona katika simu, hudhani wana njia mbili tu: kumcheka au kumfukuza. Iko njia ya tatu, nayo ndiyo kazi ya ualimu. Mwalimu na amsimulie habari za mtoto wa kwenye kopo la rangi. Amweleze nani alipata asilimia 90. Kijana akijua ni nani anayekula kwa kupitia kichwa chake, ataamua kwa akili yake mwenyewe, na uamuzi huo utadumu kuliko wa mkasi.

Kanuni ya kunyoa nywele fupi shuleni inaweza kutetewa. Ni nafuu kwa mzazi, husaidia usafi, na huondoa ile hati ya tabaka iliyovaliwa na watoto wa mahameli. Lakini utetezi huo una sharti lake. Kanuni ni ya haki pale inapomgusa mtoto wa mkurugenzi sawasawa na mtoto wa mkulima. Ikiwa mmoja huachiwa nywele kwa kuwa baba yake amepiga simu, au kwa kuwa analipa ada kubwa, na mwingine hunyolewa njia panda mbele ya wenzake ili acheke nao wacheke, basi hiyo si nidhamu tena. Ni Marekani ya 1902 iliyovaa sare ya shule ya Kitanzania.

Tena mtumishi wa umma anayeandika waraka akumbuke tofauti kati ya kumwagiza mtoto akanyoe na kumnyima somo. Mtoto aliyerudishwa nyumbani asubuhi kwa sababu ya nywele hukosa hesabu zilizofundishwa siku ile. Nywele zitaota tena kabla ya mtihani. Hesabu hazioti.